Mnachotia Tankini Kisiwe Siri: Barua ya Wazi kwa Wenye Malori ya Ngaka

Kwa wamiliki, wasimamizi na madereva wa malori yanayosomba makaa ya mawe kutoka Ngaka, na kwa wenzenu mnaobeba kahawa, mahindi, saruji na dagaa kati ya Songea, Mbinga na Mbamba Bay.

Ndugu zangu,

Nawaandikia nikiwa fundi wa pampu na nozeli hapa Mbinga mjini. Kazi yangu mnaijua. Lori likianza kutoa moshi usio wa kawaida, likikosa nguvu mlimani, au likigoma kuwaka likiwa bado la moto, nozeli hufunguliwa zikaletwa mezani kwangu. Nozeli iliyokula dizeli safi ina sura yake, na iliyokula mchanganyiko ina sura yake. Miaka hii ya karibuni za mchanganyiko zimekuwa nyingi, na wanaozileta karibu wote husema, "Fundi, sisi tunatia dizeli tu."

Ninalotaka kuwaambia ni hili. Kutafuta mafuta mengine badala ya dizeli si kosa, na huenda ikafika siku tukayahitaji sote. Kinachoua injini zenu, na kitakachoua watu tusipoangalia, ni kuyatia kwa siri: muuzaji anamficha dereva, dereva anamficha tajiri, tajiri anamficha fundi.

Shida iliyotufikisha hapa naielewa. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliwafanya wanunuzi wa Ulaya na kwingineko watafute makaa ya mawe popote yalipo. Makaa ya Ngaka, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakienda zaidi kwenye viwanda vya saruji vya humu nchini na vya majirani, yakaanza kushuka kwa wingi bandari ya Mtwara. Malori yakajaa mgodini Ntunduwaro, na Kitai yanakosubiri mzigo, kuliko tulivyowahi kuona. Vita hivyohivyo vikapandisha dizeli: bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na mwezi Juni mwaka huo Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali. Vita vilivyoleta mzigo ndivyo vilivyokula faida ya mzigo huo. Kutoka mgodini hadi Mtwara, kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, ni zaidi ya kilomita 700. Semi yenye tani 30 ikienda kilomita mbili kwa lita, hapo ni lita 350 za kwenda tu. Mwenye malori kumi akiona mtu ananong'ona kuhusu mafuta ya bei nafuu, atageuza shingo. Nisingemlaumu.

Lakini hebu tutaje kwa majina vinavyotiwa tankini, maana kwenye mazungumzo yetu vyote huitwa "mafuta ya kuchanganya", kana kwamba ni kitu kimoja.

Yapo mafuta ya taa. Haya ndiyo wazee wa uchakachuaji. Nchi hii iliyapiga vita kwa njia mbili: EWURA ikaanzisha vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli. Njia hiyo ya pili iliwaumiza watu wa koroboi huko vijijini, ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli, kwa makosa ya watu wa malori. Hilo linaniuma hadi leo, na lingetosha kuwa sababu ya sisi kuacha. Mafuta ya taa yanawaka ndani ya injini ya dizeli, ni kweli, na kwa siku chache dereva hataona tofauti. Tatizo ni kwamba ni mepesi na makavu. Ndani ya pampu na nozeli hakuna grisi wala oili inayofika kwenye sindano. Kinacholainisha ni mafuta yenyewe yanayopita. Kati ya sindano ya nozeli na nyumba yake kuna uwazi wa sehemu mbili au tatu tu za elfu moja za milimita. Kitie kimiminika kisicho na ulaini, vyuma vinasagana. Kwanza lori linapoteza nguvu kidogo. Halafu asubuhi linawaka vizuri, lakini likisimama likiwa la moto haliwaki tena mpaka lipoe, kwa sababu pampu iliyolika haiwezi kusukuma mafuta yaliyokwisha kuwa mepesi kwa joto. Madereva wengi mnaijua dalili hiyo, mkadhani ni betri au stata.

Ipo oili chafu, ile inayomwagwa gereji, inayopitishwa kwenye kitambaa na kurudishwa tankini. Hiyo inabeba unga wa chuma, masizi na mabaki ya kemikali za oili, na kitambaa hakizuii vitu vidogo kiasi hicho. Yapo pia mafuta ya transfoma, ambayo mara nyingi yameibwa, na wizi wake huacha vijiji gizani. Baadhi ya transfoma za zamani zilijazwa mafuta yenye kemikali za PCB, sumu ambazo mataifa yalikubaliana kuziondoa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Anayeyanyonya kwa mdomo na mpira, kisha akayapumua kwenye moshi, anajidhuru kwa namna ambayo hataiona mwaka huu wala mwakani.

Na sasa yamekuja mafuta ya kula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo yanayosifiwa zaidi, na sifa zenyewe zina ukweli ndani yake.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga mbele ya watu, na Diesel mwenyewe baadaye aliyasemea vizuri mafuta ya mimea. Hata katika ardhi hii, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa na kukosa mafuta ya magari waliyatengeneza kutokana na nazi, wakayaita trebol. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mmea unaweza kuendesha gari hawadanganyi. Ila injini ile ya Paris na zile za Lister zinazozungusha mashine za kusaga na kukoboa huko vijijini kwetu ni za taratibu, zina nozeli za matundu makubwa, na zinasamehe mengi. Howo au Scania yako ya leo ni chombo kingine kabisa. Kwenye injini mpya, mafuta yanakandamizwa hadi shinikizo la bar 1,600 na zaidi, yanapita kwenye matundu membamba mno, na kompyuta ndiyo inayoamua yapite kwa muda gani. Hapo hakuna msamaha.

Mafuta ya alizeti au mawese ni mazito kuliko dizeli mara kumi hivi kwenye joto la nyuzi 40. Nozeli inatakiwa kuyapuliza kama ukungu. Badala yake inayatema matone. Matone hayaungui yote. Yale yasiyoungua yanajenga gamba gumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye mifereji ya ringi za pistoni, mengine yanateremka pembeni ya silinda hadi kwenye sampu. Huko yanakutana na oili ya injini na joto, na baada ya muda oili inaanza kuganda. Nimefungua kifuniko cha sampu ya lori moja nikakuta kitu kama uji wa ulezi uliolala. Pampu ya oili haiwezi kuvuta kitu hicho. Injini ile ilinoki ikiwa na gamba la mafuta ya chipsi kwenye kila pistoni, na mwenye lori aliapa hajawahi kununua mafuta ya chipsi. Nilimwamini. Aliyeyanunua ni mwingine.

Sasa ongezeni jiografia yetu. Maji ya Ziwa Nyasa hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inapita mita 1,500. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay haifiki kilomita 70, lakini inakutoa kwenye baridi ya kuvaa koti hadi kwenye joto la kulala nje. Mawese yanayotoka Kyela hubaki majimaji pale ufukweni mchana. Yapandishe Mbinga mwezi wa saba, alfajiri, joto likiwa karibu na nyuzi 10, na yataganda ndani ya tanki, ndani ya bomba na ndani ya filta. Mchanganyiko uliojaribiwa Liuli au Lituhi ukaonekana unafaa unaweza kukwama kabla ya kufika Mbinga mjini. Wataalamu wa nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa sababu theluji inawakumbusha. Sisi tunaambiwa Tanzania ni nchi ya joto, tunasahau kwamba lori la Ruvuma linabadilisha hali ya hewa ndani ya saa mbili.

Na kukwama si hasara ya muda tu. Lori likiwa kwenye mteremko wa kwenda ziwani na filta ikaziba, injini inazima mara dereva anapokanyaga klachi kubadili gia. Usukani unakuwa mzito palepale, breki ya injini inapotea, na kompresa inaacha kujaza upepo. Dereva mzoefu atalisimamisha kwa upepo uliobaki kama hakuwa ameshautumia wote kwenye kona za juu. Dereva mgeni atahangaika. Nyuma yake inakuja kosta ya abiria na pikipiki za watu wanaowahi mnada. Kwa hiyo ninapozungumzia filta sizungumzii gharama ya filta.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mmoja wenu alisome mara mbili, nalo ni petroli. Baadhi ya watu, wakishatia mafuta mazito, huongeza petroli kidogo "ili yawe mepesi". Dizeli inahitaji joto la nyuzi 55 hadi 60 hivi ndipo itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Mafuta ya taa yanahitaji nyuzi 38 hivi. Mafuta ya kula yanapita 200. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukiichanganya kidogo tu na dizeli, mchanganyiko mzima unaanza kuwaka kama petroli. Tena hali inaweza kuwa mbaya zaidi: ndani ya tanki lenye petroli peke yake mvuke huwa mzito mno, hewa haitoshi kuwaka; lakini ndani ya tanki la dizeli yenye petroli kidogo, mvuke na hewa vinaweza kukutana kwa kiasi kilekile kinachotakiwa kulipuka. Umetengeneza bomu, ukalifunga kwa mikanda chini ya kiti cha dereva.

Sasa fikirini tanki hilo limepasuka kwa jiwe huko njiani, linapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Anauliza, "Humu mna nini?" Anajibiwa, "Dizeli." Fundi huyo anajua dizeli haina haraka, basi analimwaga, analisuuza kidogo, anawasha moto. Mnajua sote mafundi wa kuchomelea wanavyopoteza mikono na macho, na wengine maisha. Jibu la uongo la neno moja linatosha. Na watu wa Morogoro tuliowazika baada ya lori la petroli kulipuka pale Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100, wametuonyesha moto wa mafuta unavyokuwa ukishapata watu. Mkipata ajali na tanki likamwagika, wanakijiji watakaokuja kuwaokoa watadhani wanakanyaga dizeli. Askari wa Zimamoto nao watadhani hivyohivyo.

Wapo watakaosema: basi fundi anatuambia tubaki na dizeli milele. Hapana. Yapo mambo mawili ambayo naamini yanaweza kufanyika kwa usalama, na yote yanahitaji mwanga.

La kwanza ni biodizeli iliyotengenezwa kweli. Hii si mafuta ya kula yaliyochujwa. Ni mafuta ya mimea au mafuta yaliyokwisha kukaangia, yaliyochanganywa na methanoli na magadi makali ya sodiamu haidroksaidi, yakagawanyika: gliserini inatua chini, biodizeli inabaki juu, kisha inaoshwa na kukaushwa. Uzito wake unakaribia wa dizeli, na ulainishaji wake ni mzuri kuliko wa dizeli yenyewe. Ulaya inaruhusu hadi asilimia 7 ya biodizeli ndani ya dizeli ya kawaida ya vituoni. Indonesia, wenye michikichi mingi, walifika asilimia 35 mwaka 2023 na wakatangaza 40 kwa mwaka 2025. Kwa hiyo jambo linawezekana, tena kwa malori.

Lakini kuna kutengeneza na kutengeneza. Methanoli ni sumu inayopofusha macho ikinywewa kidogo tu, inapenya kwenye ngozi, na inawaka kwa mwali ambao mchana hauonekani vizuri. Yale magadi yanakula nyama ya mkono. Nimesikia vijana wakipanga kuifanya kazi hiyo uani, kwenye pipa, juu ya jiko la mkaa. Nawaomba, kama kuna kijana wenu mwenye wazo hilo, msimpe mtaji wa pipa. Mpeleke kwanza VETA au chuo chenye maabara akajifunze. Biodizeli isiyooshwa vizuri inabaki na methanoli, sabuni na maji, na vyote hivyo vinaishia kwenye pampu. Hata ile nzuri ina tabia zake: inasafisha uchafu wa miaka uliogandamana tankini na kuupeleka kwenye filta, hivyo filta za mwanzo hubadilishwa mapema; inalainisha na kuvimbisha mipira ya zamani, hivyo mabomba ya mpira hukaguliwa; inapenda maji, hivyo haiwekwi muda mrefu. Na kwa lita moja inatoa nguvu pungufu ya dizeli kwa karibu asilimia 8 hadi 10, hivyo mwenye lori asimtuhumu dereva kwa wizi pale lita zitakapoongezeka kidogo.

Malighafi ya biodizeli hiyo itoke wapi? Lita ya mafuta mapya ya alizeti inauzwa ghali kuliko lita ya dizeli, hilo kila mama wa Mbinga analijua. Anayewauzia "mafuta ya mimea" kwa bei ya chini ya dizeli anawauzia yaliyokwisha tumika, au kitu kingine kabisa. Mbono nao tuliuona. Miaka ya 2000 wageni walikuja na ahadi ya mbono kaburi, zao ambalo wangelipanda kwenye ardhi "isiyotumika" na kutoa dizeli. Sun Biofuels ya Uingereza ikachukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. Bioshape ya Uholanzi ikaingia Kilwa. Kufikia mwaka 2011 miradi yote miwili ilikuwa imeanguka, na wanavijiji wakabaki wakiuliza ardhi yao ni ya nani. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati za mimea mwaka 2010, mambo yakiwa yameshaharibika. Umatengo wenye mashamba ya ngoro na kahawa hauna ardhi ya kuchezea namna hiyo, na nitampinga yeyote atakayetaka kung'oa chakula ili kulisha malori. Mafuta yaliyokaangia kwenye hoteli na vibanda vya chipsi vya Songea na Mbinga ni machache, lakini yapo, na yakikusanywa kwa utaratibu hayatarudi tena kwenye vikaango vya watu. Kwa kiasi hicho kidogo, tungeanza na asilimia 5.

La pili ni gesi, na hapa nashangaa kwa nini hatuzungumzi zaidi. Makaa yenu yanaishia Mtwara, mahali ambapo gesi asilia ya Mnazi Bay husafishwa, pale Madimba. Mafuta mbadala ya barabara hii yako mwisho wa barabara yenyewe. Kiwanda cha saruji cha Dangote hapo Mtwara kimeonyesha kwamba lori linaweza kutumia gesi, na Chuo cha Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kimekuwa kikifunga mifumo ya gesi kwenye magari na kufundisha mafundi. Injini ya dizeli inaweza kupewa vyote viwili: gesi inaingia na hewa, dizeli kidogo inapulizwa kuiwasha. Gesi ikiisha Tunduru, lori linaendelea kwa dizeli tupu. Hilo linafaa kwa njia ndefu isiyo na vituo vya gesi katikati.

Sharti lake ni kwamba afunge mtu aliyesomea. Gesi hiyo inajazwa kwenye mitungi kwa shinikizo la bar 200. Mtungi huo una muhuri, tarehe ya kupimwa na tarehe ya kuisha. Mtungi wa gesi ya kupikia haukutengenezwa kwa shinikizo hilo hata kidogo, na atakayejaribu kuujaza hatapata nafasi ya kujaribu mara ya pili. Gesi ya kupikia yenyewe nayo isiunganishwe kienyeji kwenye lori: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, kwenye sakafu ya kabini na kwenye shimo la gereji alimoingia fundi. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda, hivyo gereji yake inataka matundu ya hewa juu ya paa. Gereji zetu nyingi hazijafikiria hata moja kati ya hayo mawili, na yangu ni mojawapo ya zinazotakiwa kubadilika.

Sasa nirudi kwenye siri, kwa sababu bila kuiondoa hayo yote ni hadithi. Siri inaanzia kwenye lita za safari. Tajiri anapiga hesabu mezani Songea au Dar es Salaam, anampa dereva lita kamili, zisizo na nafasi ya foleni ya mzani, wala ya matope ya masika mgodini, wala ya kuwasha injini usiku mzima kusubiri kupakia. Posho nayo ni ndogo. Dereva anauza dumu moja njiani. Mnayajua madumu ya njano yanayopangwa kando ya barabara, na mnajua hayakupangwa pale kwa maonyesho. Akishauza, lazima azibe pengo, na anaziba kwa chochote kilicho kwenye dumu la jirani yake. Muuzaji mjanja huchanganya mafuta ya taa mepesi na oili chafu nzito hadi uzito ulingane na dizeli, ukitumbukiza haidromita inakwambia kila kitu ni sawa. Mimi mwenyewe haidromita yangu imekubali mchanganyiko ambao nozeli zilikuja kuukataa. Ndiyo maana vinasaba na maabara vina maana, na ndiyo maana fundi peke yake hawezi kuwalinda.

Kwa hiyo naomba hivi. Wamiliki, pimeni lita za safari kwa lori halisi lenye mzigo halisi, msimu wa mvua na wa kiangazi, mkiwa na dereva ndani, kisha mpeni anachohitaji na mlipe posho inayomtosha kula na kulala. Kataeni dizeli inayouzwa chini sana ya bei kikomo. Hakuna mfanyabiashara anayewahurumia kiasi hicho. Kila mnapojaza nje ya kituo mnachokiamini, chukueni chupa safi ya kioo, ijazeni, andikeni tarehe na mahali, iwekeni gizani hadi safari iishe. Ikilala usiku mmoja mtaona maji chini kama yapo. Injini ikiharibika, chupa hiyo itakuwa na la kusema kuliko viapo vyetu sote. Tanki lililowahi kutiwa kitu kisicho dizeli liandikwe kwa rangi, kubwa, ili fundi wa kuchomelea na askari wa Zimamoto walisome.

Madereva, ninyi ndio mnaokaa juu ya tanki. Mkishatia kitu, semeni. Na wamiliki, dereva akisema asifukuzwe. Mkimfukuza wa kwanza, wa pili hatasema.

Mkiungana, ombeni kwa pamoja TBS na EWURA walete kipimo Kitai, hata kama ni gari la maabara la siku chache kila msimu, kisipime vituo tu bali pia matanki ya wanaojitolea, bila kuwaadhibu wanaojitokeza wenyewe kwa majaribio yaliyoandikishwa. Maombi ya mmoja mmoja yanapotea kwenye mafaili; maombi ya wenye malori ya Ngaka wote hayatapotea kirahisi.

Upande wangu naahidi hili. Mwenye lori la zamani, la pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, aliye tayari kujaribu asilimia 5 ya biodizeli iliyopimwa, alete nozeli zake kabla ya kuanza na azirudishe baada ya kila safari mbili za Mtwara. Nitazipima bila malipo, pamoja na oili ya sampu. Matokeo yabandikwe Kitai, mahali ambapo kila dereva anayesubiri mzigo atayasoma, yawe mazuri au mabaya.

Wenu katika kazi,

Fundi wa pampu na nozeli,
Mbinga mjini